Soma Kifungu Kifuatacho: Ufahamu, Mchezo na Msomaji Aliyenyamazishwa

Huenda hakuna sentensi ya Kiswahili iliyopita mbele ya macho ya watoto wengi kuliko hii: soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali. Haina mwandishi anayejulikana, wala hakuna mhakiki aliyewahi kuipekua. Ndani yake mna amri mbili, soma na jibu, na baina yake pamewekwa neno moja dogo, kisha. Kila linalostahili kuitwa kusoma hutukia ndani ya hilo kisha: kusitasita, kurudi nyuma, kubisha, kucheka, kukumbuka jambo la nyumbani, kumshuku msimulizi. Vitabu vya kiada vimekiacha chumba hicho kitupu. Mwanafunzi hutoka mlango wa kwanza akaingia wa pili bila kuketi.

Lugha yenyewe ilitarajia makubwa zaidi. Anayezirai hupoteza fahamu, na anayezinduka hurudiwa na fahamu. Watu wanaojuana wanafahamiana, na kauli hiyo ya kutendana yaonyesha kwamba kufahamu ni jambo la pande mbili. Kwa Waswahili basi, ufahamu ni hali ya kuwa macho, tena macho mbele ya mwingine. Ajabu ni kwamba neno hilohilo limekuwa jina la zoezi ambalo mtoto aweza kulimaliza akiwa nusu usingizini. Katika mtihani wa Kidato cha Nne nchini Kenya, karatasi ya 102/2 huanza na ufahamu wenye alama 15 kati ya 80, na ufupisho huufuata. Tanzania nayo huutahini ufahamu pamoja na ufupisho. Katika mtihani wa darasa la nane uliofanywa Kenya kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ufahamu ulishika swali la 31 hadi la 50, na kufahamu kulikuwa ni kuipaka rangi herufi moja kati ya nne.

Kwamba zoezi hili laweza kufanywa bila kuelewa chochote si matusi kwa walimu, na yathibitishika kwa dakika moja. Na itungwe sentensi isiyo na maana: Asubuhi ile Mtandwe alidwenguka hadi kwenye kidwezo, akavifyandisha vilongwe vitatu vilivyokuwa vimepwasa. Sasa yaje maswali. Mtandwe alidwenguka hadi wapi? Alifyandisha vilongwe vingapi? Vilongwe hivyo vilikuwa katika hali gani? Kila mjuzi wa Kiswahili atapata alama zote tatu. Tena Kiswahili hurahisisha hila hii kuliko lugha nyingi, kwa sababu upatanisho wa kisarufi humshika msomaji mkono: ki- humwambia kwamba kidwezo ni kitu, vi- humpeleka kwenye vilongwe, li- humpa wakati, na umbo la vimepwasa humhakikishia kwamba hiyo ni hali. Mtoto wa mhamiaji anayekulia Leicester au Minneapolis, aliyeidaka sarufi hiyo jikoni kabla hajajua jina lake, atashinda bila jasho. Hapo mwalimu huandika kwamba anaelewa vizuri, na mzazi hufurahi. Lakini aulizwe swali la nne, kama Mtandwe alifanya vyema kuvifyandisha vilongwe vile, ndipo sarufi itakapomwacha mkono.

Kasoro hii haikuanzia kwenye maswali. Imo katika kifungu chenyewe, na kifungu cha ufahamu ni utanzu kamili wa nathari ya Kiswahili ambao wahakiki wameupuuza kwa kuudhani kuwa si fasihi. Una kanuni zake. Ni mfupi, hauna jina la mtunzi, na aghalabu hufunguliwa kwa methali au kwa tamko pana kuhusu dunia ya leo. Mada zake zafahamika kwa yeyote aliyepita shuleni: uhifadhi wa misitu, dawa za kulevya, maadili ya vijana, faida na hasara za simu. Hufungwa kwa ushauri. Njiani hupandwa maneno mawili matatu magumu, si kwa kuwa fikira inayahitaji, bali ili swali la mwisho, lile la kueleza maana ya maneno kama yalivyotumiwa, lipate cha kushika. Ni nathari iliyoandikwa kinyumenyume: maswali yalitangulia, kifungu kikashonwa kuyafuata. Msomaji mzuri hulihisi hilo hata akiwa na miaka kumi. Hujua kwamba aliyeandika hakuwa na la kumwambia, alikuwa na la kumuuliza tu, na jibu alikuwa nalo tangu mwanzo.

Pale kifungu kinapochukuliwa kutoka riwaya mambo huwa afadhali, ingawa si kwa kiasi kinachodhaniwa. Aya nne zilizokatwa katikati ya kisa humtupa mtoto ndani ya ugomvi asioujua chanzo chake wala mwisho wake, na maswali humzuia hata kuutamani huo mwisho. Haki itendeke lakini. Mwalimu mwenye wanafunzi sabini darasani ana sababu ya kupenda swali lenye jibu moja, na msahihishaji wa maelfu ya karatasi ana wajibu wa kuwatendea wote usawa. Ubaya ni pale namna ya kutahini inapogeuka kuwa namna pekee ya kusoma mwaka mzima.

Hali hii si ya Waswahili peke yao. Nchini Marekani, Dolores Durkin alichapisha mwaka 1978 matokeo ya kukaa kwake madarasani akitazama jinsi kusoma kunavyofundishwa, na aliyoyaona yaliwashtua wengi: muda uliotumiwa kumfundisha mtoto namna ya kuelewa haukufika hata asilimia moja. Walimu walikuwa wakiuliza, wakisahihisha, wakigawa karatasi za mazoezi. Walikuwa wakipima kitu ambacho hawakukifundisha. Miaka michache baadaye, mwaka 1984, Annemarie Palincsar na Ann Brown walieleza utaratibu uliogeuza mambo: wanafunzi wachache huketi pamoja na matini, nao kwa zamu huwa mwalimu. Wa zamu hubashiri yajayo, huuliza swali, hufafanua palipo na giza, hufupisha yaliyopita, kisha humpisha mwenziwe kiti. Watafiti wengi wameupima utaratibu huo tangu hapo. Jambo la kutazamwa hapa ni dogo: mwenye kuuliza amebadilika. Swali limetoka chini ya ukurasa likaingia kinywani mwa msomaji.

Tangu hapo limezuka soko zima la kuufanya ufahamu upendeze, na katika madarasa ya Kiswahili ya ughaibuni, hasa yale ya Jumamosi ambako mtoto amekuja kwa shingo upande, mapishi hayo yamepokewa kwa shukrani. Kuna mbio za kuokota majibu yaliyobandikwa ukutani, kadi za kulinganisha neno na maana, na mashindano ya simu ambapo jibu sahihi huja na muziki na la kosa huzimika. Watoto hucheka kwelikweli, na kicheko chao si cha kudharauliwa, maana darasa lenye huzuni halijawahi kumpendezesha mtu lugha ya bibi yake. Lakini itazamwe ni nini hasa kinachochezwa. Mtoto anayekimbia hadi ukutani kuchukua kadi iliyoandikwa vitatu bado anajibu kwamba vilongwe vilikuwa vitatu. Swali ni lilelile, limevishwa nguo za sherehe. Baya zaidi, mashindano ya aina hii hutuza kasi, na kusoma ni katika matendo machache ambamo anayechelewa huenda ndiye aliyeona. Mtoto aliyesita juu ya neno kwa kuwa alimsikia shangazi yake akilitumia kwa maana nyingine hushindwa na yule aliyelirukia.

Jambo la kusikitisha katika kuagiza michezo kutoka mbali ni kwamba Kiswahili kilikuwa na mchezo wa ufahamu kabla ya kuwa na kitabu cha ufahamu. Mtu akisema kitendawili na wenziwe wakamjibu tega, mkataba umeshafungwa: wasikilizaji wameomba kushambuliwa. Nyumba yangu haina mlango. Anayetegua hana budi kuyarudia maneno moja moja. Nyumba ipi isiyo na mlango? Aliyemo ndani aliingiaje? Wa kwanza husema yai, na akatokea mwingine aliyesema kaburi, mtegaji lazima aitetee tafsiri yake mbele ya watu, na mara nyingine asiweze. Hapo pana jibu linalokubaliwa na mila, na pana pia haki ya kulibishia. Wakishindwa kabisa, mtegaji hudai mji. Hupewa Lamu akaukataa, akapewa Tanga akaukataa, hadi atajiwe mji unaomridhisha, ndipo asafiri kwa maneno, ajisifu alivyopokewa huko, kisha afichue. Utaratibu huo una busara kubwa ya kielimu. Kushindwa kuna bei, lakini bei yake ni hadithi. Aliyeshindwa hapewi sufuri kwa wino mwekundu, bali hutoa mji na kupata safari.

Paukwa na pakawa ni mkataba wa jinsi hiyohiyo, na msimulizi asiyeitikiwa hana ruhusa ya kuendelea. Ni kweli pia kwamba pwani imerithi desturi nyingine isiyofanana na hizo: chuoni mtoto alihitimu Kurani nzima kwa sauti safi bila kutakiwa kujua maana yake, na wapo waliosema kwamba huko ndiko shule za Kiswahili zilikojifunza kusoma bila kuelewa. Hoja hiyo ina haraka. Usomaji wa chuoni ulikuwa ibada, na haukujidai kuwa kitu kingine. Maana ilikuwa na mahali pake, darsani, ambako sheikh alisoma sentensi ya Kiarabu, akaifasiri kwa Kiswahili, akasimama, na watu wazima wakauliza. Walioketi katika darsa za namna hiyo walijua vizuri tofauti ya kusoma na kufahamu. Shule ya kisasa ndiyo iliyoyachanganya mawili hayo, ikaliita la kwanza kwa jina la pili.

Washairi nao walikuwa na mtihani wao. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu mwisho wa karne ya 18 hadi mnamo 1840, alitupiana mashairi na wenziwe wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa ikivutana, na shairi la namna hiyo lilikuwa fumbo. Aliyelipokea alithibitisha kulielewa kwa kulijibu, kwa bahari ileile. Katika karne ya 20 gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka mwaka 1923 huko Tanganyika, liliifungulia desturi hiyo ukurasa: msomaji alituma shairi lenye swali, na msomaji wa wilaya nyingine akalijibu. Kwa desturi hii, asiyeweza kujibu kwa mizani na vina hakuhesabiwa kuwa amesoma. Mtihani gani wa ufahamu uliwahi kudai zaidi?

Suala basi si kama ufahamu uchezwe au usichezwe. Suala ni kama mchezo umetoka ndani ya matini au umebandikwa juu yake. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, ni mfano ulio karibu. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria katika nchi isiyoihitaji, na Majivuno, waziri mkuu, ndiye mshitaki wake. Badala ya kujitetea moja kwa moja, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huku kutafuta yatakayoifaa nchi, na ambao waliporudi na heri walilipwa kifungo. Shuleni riwaya hii imefundishwa miaka na miaka kwa orodha. Taja wajumbe sita na upande aliotumwa kila mmoja. Linganisha jina la mhusika na tabia yake. Mtoto hukariri, akajibu, akasahau, na kwa hakika majina yale ya kimajazi humrahisishia kazi hata asihitaji kuifungua riwaya yenyewe.

Lakini Kusadikika ni kitabu kinachohusu kusikiliza. Baraza limekuja likiwa limekwisha kuamua, na kila kisa hulilegeza kidogo. Mwenye kuisoma kwa makini atajikuta akimtazama Karama mara moja na wanaomsikiliza mara mbili. Yeyote anayetaka kuichezesha darasani ameshawekewa jukwaa na mwandishi. Wanafunzi ni baraza. Mmoja ni Karama, mwingine ni Majivuno, na kila kisa kikiisha baraza hupiga kura ya siri: Karama ana hatia au hana? Kura huandikwa ubaoni bila maelezo. Kisha anayetaka kueleza kwa nini ameibadili kura yake huonyesha mahali ndani ya kitabu palipomgeuza, ukurasa na sentensi. Hakuna swali lililotungwa na mtu mwingine, na bado kila mmoja amelazimika kurudi kwenye maneno. Ikiwa hakuna aliyebadilika hadi mjumbe wa nne, hilo nalo ni habari kuhusu kitabu, na pengine ni udhaifu wake, kwa sababu visa vya Shaaban Robert hufanana kwa umbo mno kiasi kwamba msomaji wa leo huchoka kabla baraza halijachoka. Darasa linalogundua hivyo limefanya uhakiki.

Upo upande wa pili. Kusadikika hiyohiyo ikigeuzwa igizo la safari za wajumbe, wakiwemo waliopanda mbinguni na walioshuka ardhini, watoto watapata mavazi na vituko vya kufurahisha sana, na kitabu kitakuwa kimetoweka. Safari zile si kiini. Kiini ni kwamba zinasimuliwa mahakamani, na mtu ambaye maisha yake yamo hatarini, mbele ya walewale waliozilipa kwa ubaya. Igizo likiiondoa mahakama limeiondoa maana, na uchangamfu wa darasa hautaifidia hasara hiyo. Mwalimu anayechagua mchezo anafanya uamuzi wa kihakiki, apende asipende. Anasema ni nini katika matini hii kinachobeba uzito.

Mfano wa pili ni shairi, na umechaguliwa kwa sababu unawagusa Waswahili wa nje kwa namna ya pekee. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972, na tungo alizozitunga gerezani zilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Baadaye aliishi na kufanya kazi Uingereza na Ujerumani, na kwa miaka mingi alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Katika diwani hiyo limo shairi la majibizano, Mnazi: Vuta N'kuvute, ambamo ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombania mnazi. Darasani mara nyingi huanza na swali la muktadha na kuishia na jibu la siasa: mnazi ni nchi, Alii ni fulani, Badi ni fulani. Jibu hilo lina ukweli wake, nalo huliua shairi papo hapo, maana likishatolewa hakuna tena sababu ya kusoma ubeti wa pili.

Tofauti na hilo, darasa likigawanywa upande wa Alii na upande wa Badi, shairi hubaki hai muda wote linaposomwa. Kanuni yatosha iwe moja: upande haruhusiwi kusema hoja isiyokuwa ndani ya beti zake. Mara huonekana kwamba mtu hushinda ugomvi huu kwa namna anavyomwita mwenzake, anavyolichukua neno la mpinzani akalirudisha na makali mengine, anavyopanda kutoka nasaha hadi kitisho. Katikati ya shairi pande hubadilishana, na waliokuwa wakimtetea Alii sasa wamtetee Badi. Hapo ndipo huanza kelele nzuri, kwa sababu kila upande unazijua mbinu za aliokuwa nao. Suala la nchi na siasa litakuja lenyewe, na litakuja likiwa na mizizi: ni nani katika historia aliyewahi kuongea hivi? Mwisho wa kazi, kila kikundi hutunga ubeti mmoja wa kujibu, kwa mizani na vina vya shairi. Wengi watavunja mizani. Si neno. Anayehesabu silabi kwa vidole amelazimika kuusoma ubeti wa mtunzi mara kumi.

Lililo muhimu zaidi ni lugha ya shairi hilo. Ni Kimvita. Mtoto ambaye wazazi wake walitoka Mombasa, aliyezoea kuona lugha ya kitabuni ikimsahihisha bibi yake, hukuta ndani ya kitabu kilichotuzwa maneno yanayotamkwa kama bibi anavyoyatamka. Kifungu cha ufahamu hakijawahi kumpa hivyo. Kinadai usanifu usio na kwao, na hicho ni kipimo kigumu kwa watu ambao Kiswahili chao ni cha Unguja kilichokwenda Maskati baada ya 1964, au cha Lubumbashi kilichofika Ohio kwa kupitia kambi ya wakimbizi. Watoto hao mara nyingi huandikwa kuwa ni dhaifu katika ufahamu. Udhaifu wao ni kwamba wanafahamu kwa Kiswahili kingine.

Riwaya ya upelelezi nayo yastahili kutajwa, kwa ufupi. Mohammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyotoka mwaka 1960, alimpa Kiswahili mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na maiti ya Bwana Ali bin Said pale mzimuni. Kitabu cha namna hiyo hakihitaji mbinu. Chatakiwa tu kufungwa mahali panapouma, na kila mmoja aandike jina la anayemshuku pamoja na sababu moja kutoka ukurasa uliokwisha kusomwa. Karatasi zitiwe katika bahasha, zifunguliwe mwishoni. Anayepinga kwamba huko ni kuishusha fasihi hadi kuwa bahati nasibu akumbuke kwamba ni mwandishi mwenyewe aliyezificha dalili ili zitafutwe.

Pingamizi nzito iko kwingine. Mwalimu wa Kenya au Tanzania atasema, kwa haki, kwamba hana muda. Mtihani wa fasihi utamwekea mwanafunzi dondoo na kumtaka aeleze muktadha wake kwa alama nne, na jibu hilo limo katika mwongozo unaouzwa karibu na stendi ya basi kwa bei ndogo kuliko riwaya. Miongozo hiyo hulaumiwa kila mwaka kwenye makongamano, na kila mwaka huchapishwa upya, kwa sababu inafanya kazi iliyoombwa. Ikiwa maswali yatakuwa yaleyale, msomaji mwerevu atanunua majibu. Kumwambia mwalimu huyo acheze ni kumcheka. La kumwambia ni kwamba kipindi kimoja cha kura ya baraza huacha kumbukumbu ya dondoo ambayo kukariri hakuiachi, maana mwanafunzi hukumbuka pale alipobishana. Zaidi ya hapo lawama ni ya watunzi wa mitihani, si yake.

Walimu wa ughaibuni hawana kisingizio hicho, na ndiyo maana kusitasita kwao kunashangaza. Hakuna wizara inayowangoja. Tena wanayo historia yao ya kuwapa moyo. Sharifa Zawawi, Mzanzibari aliyefundisha New York, alikiita kitabu chake cha mwaka 1971 Kiswahili kwa Kitendo, jina ambalo ni hoja tosha. Mwaka 1990 Ann Biersteker alitoa Masomo ya Kisasa ili mwanafunzi wa Kimarekani asome Kiswahili cha wakati wake. Vitabu hivyo vilitungwa kwa ajili ya wageni wa lugha, wanaojifunza chuo kikuu, na havikudai vinginevyo. Mtoto wa nyumbani, anayeongea na kuelewa lakini hajawahi kusoma ukurasa mzima, bado hana kitabu chake. Hupewa kile cha mgeni akachoka, au kile cha Nairobi akashindwa.

Kwa mtoto huyo lipo zoezi moja ambalo shule ya Kenya haiwezi kulipata kwa urahisi, nalo halihitaji karatasi. Mjini Maskati, ambako shuleni lugha ni Kiarabu na Kiswahili kimebaki ndani ya nyumba, wapo mabibi wasioweza kuisoma riwaya ya Adam Shafi kwa hati za Kilatini lakini wanaijua mitaa ya Unguja iliyomo ndani ya Vuta N'kuvute kuliko mhariri wake. Mwanafunzi asome sura ya kwanza na kupigia mstari maneno matatu yaliyomkwama, asiyatafute katika kamusi, aende nayo nyumbani. Bibi ataliza ulimi, ataeleza neno, kisha ataeleza nani alilitumia na walikuwa wamekaa wapi siku hiyo, na huenda akataka kusomewa ukurasa wenyewe alione neno lake limewekwaje. Mtoto atasoma kwa sauti. Atakosea kiimbo, na atakatizwa.